Mkate wa Kuonja

Nesi alikiangalia kile kimashine chake kidogo, akakitikisa, akakiangalia tena kama mtu anayeshika saa iliyosimama. Kisha akamtazama Mzee Hamira.

"Mzee, sukari imepanda tena."

"Imepanda?" Aliyejibu ni mkewe, na alijibu huku amekwisha nyanyuka kwenye benchi. "Hebu mpime kidole kingine, nesi. Hicho labda kina kasoro."

"Mama, damu ni ile ile mwili mzima."

Mzee Hamira mwenyewe alikuwa amekaa kidole juu, tone la damu limekaa pale kama kofia. Jina hilo la Hamira alipewa na wenzake wa bekari, kwanza kwa sababu ya kazi yake ya kuoka mikate, na pili kwa sababu ya tumbo lake, ambalo limekuwa likiumuka taratibu miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyelishtukia mpaka vifungo vya shati vilipoanza kuomba msaada. Mtu wa kicheko, mtu wa utani, lakini siku hiyo hata utani ulimkauka.

"Mkate?" nesi akauliza.

"Sijala."

"Skonzi? Keki?"

"Binti yangu, tangu siku ile uliponikalisha hapa ukaniambia vyakula vya wanga nivipunguze, mkate, wali, viazi, mimi mkate sijala. Naapa."

"Na mimi naapa," mkewe akadakia. "Anayepika ni mimi. Asubuhi mayai na mboga za majani, mchana samaki, jioni nyama na bilinganya. Anakula kama mfalme, ila mfalme asiye na wali."

Sasa, utamu na uchungu wa jambo lenyewe ni kwamba Mzee Hamira hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema kweli, kutoka moyoni kabisa, hata ungemfunga kamba angetoa maneno hayo hayo.

Nesi akamwambia avue viatu. Akauinua mguu wa kulia, akaugeuza, na pale chini ya unyayo akakuta lengelenge limepasuka.

"Hili umelipata wapi?"

Mzee Hamira akauinamia ule mguu akautazama kama mguu wa jirani. "Hata sijui. Labda ile trei iliyoanguka juzi."

"Umekanyaga trei ya moto na hukusikia?"

"Nilisikia harufu."

Mkewe alitaka kucheka, akaona uso wa nesi, akajizuia. Nesi akavuta kiti karibu. "Baba, nisikilize vizuri. Miguu yako imeanza kufa ganzi. Mtu asiyesikia moto hawezi kukaa na tanuri. Daktari anaviongeza vidonge tena, hii ni mara ya pili. Mwezi ujao kama sukari haijashuka, atakusimamisha kazi ya tanuri. Na vidonge hivi vina nguvu, kwa hiyo ukijiona unatetemeka, jasho baridi linakutoka, akili inazunguka, ujue sukari imeshuka mno. Lamba sukari upesi, kisha njoo."

"Kulamba sukari!" mkewe akasema walipokuwa wakitoka mlangoni. "Sukari haitakanyaga kwangu, hata ikija na barua ya daktari."

Mawazo ya Mzee Hamira yalikuwa kwingine. Alikuwa anafikiria tanuri. Kazi nyingine hakuijua. Alipokuwa kijana alijaribu kuwa seremala, akapiga misumari yote kichwa chini.

*

Nyumbani mkewe alitangaza hali ya hatari. Pipa la mchele lilikwenda kwa jirani. Viazi vikafuata. Mke wa mtoto wao, mkwe, ambaye aliishi nao kwa kuwa mumewe alifanya kazi mbali, alipewa cheo cha kubuni vyakula. Na kweli alikuwa na kipaji. Siku ya kwanza alikata kabichi ndogo ndogo mno, akaipika, akaimimina kwenye sahani ikaja nyeupe, inafuka moshi, unaapa ni wali.

Mzee Hamira akachota kijiko. Akatafuna. Akaweka kijiko chini.

"Mkwe wangu."

"Abee, baba."

"Hii kabichi imevaa nguo za watu."

Mkwe akaficha uso kwenye mtandio akicheka. Mkewe akasema, "Kula. Na mimi nakula hiyo hiyo. Nyumba hii haina vyungu viwili. Wewe ukila kabichi, mimi nani nile wali mbele yako?" Na alifanya hivyo kweli. Mwanamke aliyependa mkate kuliko vito, ambaye wakati wa uchumba alichumbiwa kwa skonzi wala si kwa maneno matamu, alikaa pale akatafuna kabichi kwa hasira.

Bekari ilikuwa inampa kila mfanyakazi mkate mmoja wa kupeleka nyumbani. Mkate ule sasa mkewe aliupokea mlangoni kama mtu anavyopokea mwizi, akaupitisha juu ya ukuta moja kwa moja kwa jirani. Jirani naye hakuwa na ubaya, ila mdomo hauzuiliki. "Nyumba ya mwokaji," alikuwa anawaambia watu bombani, "wanakula majani. Sisi ndio tunaokula mkate wao. Dunia hii!"

Maneno yalimfikia Mzee Hamira, akayameza pamoja na kabichi. Lakini lililomuuma zaidi lilikuja nyumbani mwake mwenyewe. Jioni moja alirudi kazini, hajaketi, mkewe akamsimamia mbele.

"Fungua mdomo."

"Mdomo gani?"

"Una mingapi? Fungua nikunuse."

Mbele ya mkwe! Mkwe wa watu akageukia ukutani akaanza kuhesabu nyufa. Mzee Hamira akafungua mdomo, maana ukiwa na mke wa aina ile unafungua. Mkewe akanusa. Kisha akanyoosha kidole, akakitoa kwenye masharubu ya mumewe kikiwa na punje ya mkate, ndogo, ya dhahabu, imeiva vizuri.

"Na hii?"

"Muuza mkaa utamuuliza masizi yametoka wapi?"

"Umekula mkate."

"Sijala!"

"Sukari inapanda yenyewe? Ina ngazi?"

"Mama watoto, nakwambia sijala mkate. Nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu, hata masharubu yangu yanapekuliwa?" Sauti ilimpanda, kisha ikamvunjika katikati, akaenda kukaa kivyake. Nyama yake aliila bila utani hata mmoja, na nyumba ile bila utani wake ilikuwa kama redio iliyoishiwa betri. Mkwe alijaribu kusema jambo la kuchekesha, likaanguka chini, hakuna aliyeliokota.

*

Kesho yake aliondoka amenuna, akasahau chakula chake mezani kwa makusudi. Mkewe akaona, hapana, kununa ni kununa lakini mtu anameza vidonge vile, hawezi kushinda na njaa. Akabeba lile bakuli la mayai na mboga, akaenda bekari.

Bekari ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye joto la kumfanya mtu akiri mambo. Upande huu meza za kukandia, upande ule tanuri, na katikati unga hewani kama ukungu. Aliyekanda walimwita Mkandaji, mtu mwenye mikono minene kama mapaja na mdomo usiopumzika.

"Karibu, mama! Umekuja kumkagua?"

"Nimekuja na chakula. Endeleeni na kazi zenu."

Akaketi juu ya magunia ya unga. Hakuwahi kumwona mumewe kazini, ndoa yote ile, maana yeye aliyajua ya nyumbani na mume aliyajua ya bekari. Akaanza kutazama, na kwanza moyo ulimlainika. Huyu mzee aliyekuwa akitembea nyumbani akiguna, mbele ya tanuri alikuwa mwepesi kama kijana. Anatia lile jembe refu la mbao la kuvutia trei, anavuta, trei inatoka, mikate inang'aa.

Sasa bekari ile ilikuwa na utaratibu wake tangu zama za baba wa tajiri, mwenye bekari. Trei haitoki mlangoni mpaka fundi ameonja. Tajiri alijisifu nao kwa wenye maduka: "Mkate wangu mimi umepitishwa na mdomo wa fundi, si wa mashine." Kwa hiyo kila trei ikitoka, Mzee Hamira alikuwa anavunja pembe ya mkate wa kwanza, anaminya, ananusa, anatia mdomoni, anafumba macho, anatafuna, anaitikia kwa kichwa. Trei inakwenda. Inatoka nyingine, anavunja, anafumba macho. Zikija skonzi, anavunja skonzi. Hata donge bichi likiwa mezani kwa Mkandaji, akipita anamega kidogo analamba kuona chumvi. Mkono unakwenda wenyewe, kama vile mtu anavyojikuna.

Mkewe alikaa wima juu ya lile gunia.

"Mkandaji," aliita kwa sauti ya chini. "Nipe kopo moja tupu la kuokea. Na ile mikate iliyovunjika pale, nipe."

Mkandaji akampa, akidhani mama ana njaa. Basi kila Mzee Hamira alipovunja pembe, mkewe naye alimega kipande kama kile kile kwenye mikate iliyovunjika, akakitupa ndani ya kopo. Mzee anavunja, kopo linapokea. Mzee analamba donge, kopo linapokea kidogo. Mkandaji alipoelewa kinachoendelea alikaribia kuzama kwenye unga kwa kicheko, akalazimika kuuma kitambaa.

Walipopumzika, Mzee Hamira akaja akijifuta jasho, akamwona mkewe, akakumbuka kwamba amenuna. "Umefuata nini?"

Mkewe akamwekea kopo mapajani. Lilikuwa limejaa, tena limejaa na kufanya kilima, vipande vingine vinaning'inia ukingoni.

"Nini hii?"

"Hii ndiyo asubuhi yako, baba watoto."

"Asubuhi yangu vipi?"

"Kila ulipovunja, nimevunja. Kila ulipomega, nimemega. Huo ni mkate mzima na mtoto wake, na jua bado halijafika katikati."

Mzee Hamira akalitazama kopo. Akamtazama Mkandaji, Mkandaji akaitikia kwa kichwa. Akalitazama tena kopo.

"Lakini mimi sikula," akasema polepole. "Nimeonja."

"Tumbo limejuaje?"

Mzee Hamira akalishika tumbo lake. Kisha likaanza tumbo lenyewe kutikisika, halafu mabega, halafu kicheko kikamtoka Mzee Hamira mpaka akashika gunia asianguke. Mkandaji naye akaachia. Mkewe akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Walicheka watatu wale mpaka unga ukawaganda kwenye machozi.

Halafu Mzee Hamira akaacha kucheka ghafla. "Nilimwapia yule binti," akasema. "Nilimtazama machoni, nikamwapia."

"Hukujua."

"Tangu ujana mkono huu unavunja mkate. Sikuwahi kuuhesabu kuwa ni mlo. Ni kama kupumua." Akalisukuma kopo pembeni. "Basi. Kuanzia leo hata punje. Hata kulamba. Mkono huu nitaufunga."

"Na kuonja ataonja nani?" Mkandaji akauliza. "Tajiri akijua trei zinatoka hazijaonjwa, sote hapa tutafute misumari ya useremala."

Mkewe akakunja mikono ya nguo. "Nitaonja mimi. Mkate wenyewe nimeutamani mpaka nauota."

*

Kuonja kwenyewe mama alikuwa hakujui, tuseme ukweli. Alikuwa anatia kipande mdomoni, anatafuna, mumewe anasubiri na jembe mkononi.

"Vipi?"

"Mkate."

"Najua ni mkate. Mkate vipi?"

"Mkate mkate."

"Chumvi?"

"Ipo."

"Ipo kiasi gani, mama watoto? Chumvi ipo hata baharini!"

Lakini walisogea hivyo hivyo, na Mzee Hamira alishika neno lake. Hata punje haikuingia. Na vidonge alivimeza vyote kama alivyoandikiwa, vile vilivyoongezwa mara mbili. Wazo la kupita kwa nesi kumwambia kwamba ule mkate wa siri sasa haupo halikumjia mtu yeyote. Wangemwambia nini? Waliona wametengeneza mambo.

Siku ya tatu au ya nne, Mzee Hamira aliamka mzito. Pale tanurini jasho likawa linamtoka, lakini nani pale hakuwa anatoka jasho? Mikono ikaanza kumcheza, jembe likagonga mlango wa tanuri mara mbili. Mkandaji akasema, "Fundi, leo unacheza ngoma?" Na katika saa hiyo hiyo ndipo tajiri alipoingia, shati jeupe, viatu vya kung'aa, akiwa amesikia fununu kwamba kuna mwanamke bekari anaonja mikate yake.

"Fundi, nasikia siku hizi..."

Mzee Hamira akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kama anavyotazama trei. "Wewe," akasema, ulimi umemlegea, "wewe bado hujaiva."

"Nini?"

"Katikati bado mbichi. Rudi ndani. Nani kamtoa huyu?" Akanyanyua jembe, kabisa, kama anataka kumrudisha tajiri tanurini.

"Amelewa!" tajiri akaruka nyuma mpaka kwenye unga. "Fundi wangu amelewa mbele ya moto!"

Jembe likaanguka. Mzee Hamira akaketi chini pale pale, akatabasamu na ukuta. Mkewe alikuwa ameshamfikia, akamshika shingo, na shingo ilikuwa ya baridi. Mtu yuko mbele ya tanuri na shingo ni ya baridi kama mtungi! Hapo maneno ya nesi yakamrudia yote kwa mkupuo. Kutetemeka. Jasho baridi. Akili kuzunguka.

"Sukari!" akapiga kelele. "Mkandaji, lile kopo la sukari ya skonzi! Upesi!"

"Mama, si umesema sukari kwake ni sumu?"

"Lete, nitakukanda wewe!"

Akachota kwa mkono, akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akamwekea mumewe mdomoni. Mzee akabana meno. "Hii ni sukari," akanung'unika. "Mke wangu atanigombeza."

"Mimi ndiye mkeo! Meza!"

Akameza. Akameza tena. Mkewe alimshika kichwa kifuani kwake, midomo yake inatembea bila sauti. Taratibu, kama taa inayorudi baada ya umeme kukatika, macho ya Mzee Hamira yakajaa mtu tena. Akaulamba mdomo.

"Nani kanitilia sukari?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Usizoee," akasema mkewe, na hapo ndipo alipolia.

Tajiri naye alikuwa amejipangusa unga, lakini haya haipanguswi. Alimwambia kwa upole, na upole ule uliuma kuliko ukali. "Mzee wangu, sina ugomvi na wewe. Lakini fundi asiyeonja, tena anayeanguka mbele ya moto, mimi nimfanyeje? Nenda kapumzike nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Nenda kapumzike kwanza."

*

Kwa nesi walikwenda moja kwa moja, unga bado nyweleni. Mzee Hamira alisimulia yote, pembe za mkate, donge bichi, kopo. Nesi akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo mimi na daktari tumekuwa tukiongeza vidonge kupigana na mkate ambao hukuula."

"Niliouonja," Mzee akasema.

"Kisha ukauacha kwa mkupuo, vidonge vikabaki vile vile, vikatafuta mkate wa kupigana nao havikuuona."

"Vikanipiga mimi."

Nesi alitaka kuwa mkali, akajikuta anauma midomo. Akamwita daktari, vidonge vikapunguzwa, karibu virudi kama mwanzo. "Chakula mnachokula ni kizuri," akawaambia. "Endeleeni nacho. Maharage kidogo si haramu, tunda dogo si haramu, msimtese mzee. Lakini mtu anayemeza dawa hizi akibadilisha anachokula, akiongeza akipunguza, hata kama ni jambo jema, anakuja kuniambia kwanza. Si baada ya kutaka kumwoka tajiri."

Yakaanza maisha ya nyumbani, na hapo ndipo familia ilipoteseka hasa. Mzee Hamira bila tanuri alikuwa hana pa kuweka mikono. Alizoea kugonga matako ya mkate kusikia kama umeiva, basi akawa anagonga kila kitu. Anagonga meza, anasikiliza. Anagonga ndoo. Siku moja mkwe alileta tikiti maji, akaligonga akasema, "Dakika kumi zaidi." Walicheka, lakini mkewe alimwona baadaye amesimama uani, amegeuza uso upande wa bekari, pua juu.

Mwezi ulipofika nesi alikitazama kimashine, hakukitikisa. Sukari ilikuwa imeshuka, imekaa mahali pake kama mtoto aliyelishwa. Lengelenge lilikuwa limefunga. Daktari akasema tanuri anaweza, ila avae viatu vizito vilivyofunika mguu wote, na miguu akaguliwe kila jioni. "Nitaikagua mimi," mkewe akasema. Kukagua kulikuwa kumemkaa kwenye damu.

Ikabaki tajiri. Na tajiri alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda sebuleni, magoti yamegusa kidevu. Alikunywa maji yote aliyopewa kabla ya kusema.

"Mikate inarudi," akasema. "Wenye maduka wanasema leo chumvi, kesho jiwe. Mkandaji anaonja, anasema yote mitamu. Yule ukimpa gunia lenyewe atasema tamu."

"Nimepona," Mzee Hamira akasema. "Lakini kuonja sionji tena. Nikianza pembe moja, mkono huu naujua mimi."

"Sasa fundi asiyeonja..."

"Nijaribu. Trei moja. Ikitoka mbaya, sitakuuliza tena."

*

Walikusanyika bekari, Mkandaji, tajiri, Mzee Hamira na viatu vyake vipya vilivyomfanya atembee kama bata, na mkewe juu ya magunia. Trei ya kwanza ilikuwa imekandwa na kuokwa kabla hajafika. Tajiri alifanya hivyo makusudi, ili mzee asijue kilichotiwa.

Akaugonga mkate chini, akasikiliza. Akauminya. Akaunusa. Kisha akavunja pembe, na mkono ukaanza safari yake ya kuelekea mdomoni, ile ya tangu ujana. Mkandaji na tajiri wakaufuata kwa macho. Mkono ukafika karibu na masharubu, ukasimama. Mzee Hamira akautazama kama mtu anayemtazama mbwa wake, kisha akaugeuza, akampa mkewe.

Mkewe akatafuna.

"Vipi, mama?" tajiri akauliza.

"Mkate," akasema mama.

Tajiri akaguna. Lakini Mzee Hamira hakuwa anasikiliza maneno. Alikuwa anautazama ule uso, akiwa ameinamisha kichwa, kwa utulivu kabisa.

"Chumvi imepungua," akasema. "Si nyingi. Na hamira ilitiwa maji ya moto, donge likaumuka kupita kiasi, ndiyo maana mwishoni kuna uchachu."

Tajiri akamtazama Mkandaji. Mkandaji akakuna kichwa. "Maji yalikuwa moto kidogo," akakiri. Tajiri akavunja pembe yake, akatafuna muda mrefu, akaacha.

"Umejuaje? Mama kasema mkate tu!"

"Maneno yake kwenye chakula hayana kazi. Mimi uso huu nimekula nao miaka yote. Chumvi ikipungua, unyusi wa kushoto unapanda. Kitu kikichacha, anameza kabla hajamaliza kutafuna, hataki kionekane. Nyumbani nilikuwa najua mboga ikoje kabla sijaigusa. Sikujua tu kwamba ni ufundi."

Mama aliushika uso wake kwa mikono miwili. "Kumbe umekuwa ukinichungulia?"

"Wewe si ulininusa mdomo?"

Mkandaji akapiga meza, unga ukaruka. Tajiri mwenyewe alicheka mpaka shati jeupe likatoka ndani ya suruali. "Haya," akasema, "fundi rudi kwenye tanuri lako. Na mama huyu nimwandike kazi gani?"

"Mwandike ulimi," Mkandaji akasema.

"Mwandike uso," Mzee Hamira akasema.

"Niandike mshahara," mama akasema.

Wakakubaliana hivyo. Na kwa kuwa wamekwisha jifunza, walipita kwa nesi kwanza kumwambia. Nesi akampima na mama, akamkuta salama, akamwambia aonje kipande kidogo cha trei za mwanzo tu, nyingine aonje Mkandaji, mradi naye afundishwe kukunja uso.

Asubuhi ya kwanza skonzi zilitoka za rangi ambayo bekari haikuwa imeiona kwa muda mrefu, laini, zinapumua. Harufu ilimzunguka Mzee Hamira, ikamshika kola. Alivunja, akampa mkewe. Mama akatia mdomoni, akatafuna taratibu, huku mumewe amesimama mbele yake, amemwinamia, macho yake makubwa kama ya mtoto.

"Vipi?"

Mama akameza. Akatazama pembeni. "Kawaida tu," akasema. "Hujakosa kitu."

Mzee Hamira aliutazama ule uso muda mrefu, mashavu yake, kope zilizokuwa bado hazijataka kufunguka, na tabasamu likamwanzia masharubuni likaenda mpaka masikioni.

"Mkandaji," akaita, "toa trei hiyo upesi. Sijapata kuoka skonzi tamu kama hizi."